Zamu ya Saa Kumi Alfajiri

Wifi yangu hajui kukaa. Ukimpa kiti atakifuta kwanza, ataketi ukingoni kama mtu anayengoja kuitwa, na kabla hujamaliza sentensi utamkuta amesimama anakunja kitu. Kama hakuna cha kukunja, atakunja gazeti lako. Watu husema ana bidii. Mimi niliyeolewa na mdogo wake, ninayeishi naye ukuta kwa ukuta mwaka wa kumi na moja sasa, nasema si bidii. Ni usingizi alionyimwa, na nitaeleza alinyimwa na nani.

Yeye ni dobi. Chumba chake cha mbele kina meza mbili ndefu zilizotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili nzito za umeme, na mashine ya kufulia ambayo ikianza kukamua hutembea yenyewe kuelekea mlangoni, mpaka tuliifunga kamba kwenye nondo ya dirisha. Kila nguo inayoingia huitia alama ya uzi ndani ya kola. Uzi wa bluu ni wa watu wa mtaani, wa kijani ni wa walimu, mwekundu ni wa wageni wanaolala kwenye nyumba ya wageni kule barabara kuu. Hajawahi kupoteza hata soksi. Mimi kwangu nashona, na vipande vya kitambaa hunipotea nikiwa nimevishika mkononi.

Mtaa wetu una transfoma moja, iko juu ya nguzo pembeni mwa mashine ya kusaga. Iliwekwa zamani, wakati huku ni nyumba za kulala tu, taa mbili na redio. Siku hizi kuna mwenye mashine ya kusaga, kuna seremala na randa yake ya umeme, kuna mchomeleaji tunayemwita Cheche, niko mimi na vyerehani vinne na pasi ya mvuke, na kuna dobi. Tukiwasha wote pamoja transfoma inanguruma, inanguruma, halafu paa! Kimya. Iliungua mara mbili. Mara ya pili tulikaa siku kumi na tisa bila umeme, na kampuni ikatuletea nyingine ya ukubwa uleule. Cheche na mwenye mashine ya kusaga walikunjana mashati barabarani, kila mmoja akiapa kwamba mwenzake ndiye aliyeiua.

Hapo ndipo wifi alipoingia kati. Alichukua mlango wa kabati uliong'oka, akaupaka rangi nyeusi, akautundika nje ya chumba chake na kuandika kwa chaki. Saa moja hadi saa nne asubuhi, kusaga. Saa nne hadi saa saba mchana, kushona. Saa saba hadi saa kumi, seremala. Saa kumi hadi saa moja jioni, Cheche. Usiku ni wa majumbani, watu wapike na waone taa. Na yeye mwenyewe, kwa kuwa aliyegawa hawezi kujipa mnofu, alijipa saa kumi alfajiri hadi saa moja asubuhi. Kuanzia siku hiyo akaitwa Mama Zamu.

Mpango ule ulifanya kazi miaka sita. Hakuna aliyewasha nje ya saa yake, na ukiwasha, hakuna atakayekutukana, ila utamwona Mama Zamu amesimama mlangoni kwako, mikono nyuma, anatazama dari. Utazima mwenyewe. Wifi alijivunia ubao ule kuliko watoto wake. "Mvumilivu hula mbivu," alikuwa akisema, na mimi nilikuwa nikimuuliza hiyo mbivu inaiva mwezi gani.

Mwaka jana alisinzia kwenye pasi. Alisinzia akiwa amesimama, na mkono wake wa kushoto ukawa chini ya pasi. Aliyemtibu akampima presha akashtuka, akamwambia dawa atampa, lakini kama hatalala usiku kucha kama binadamu wengine, dawa hizo ni za kupamba dirisha. Jioni ile alikuja kwangu mkono umefungwa bendeji nene.

"Wifi," akasema, "tubadilishane hata miezi mitatu. Wewe shika alfajiri, mimi nishike saa nne."

Nilikuwa na sare za shule mia mbili mezani. Nikamwambia, "Wifi, nitaamkaje mimi saa hizo? Na watoto?" Akasema sawa. Baada ya wiki mbili akarudi tena, safari hii hakuingia ndani, aliuliza kupitia dirishani kama mtu anayeuliza saa. Nikakataa tena. Watoto wangu wakati huo mdogo kabisa alikuwa na miaka tisa, na mwenyewe alijipikia chai. Nasema wazi ili nisije nikajipendekeza huko mbele: sikutaka tu kuamka.

Basi akaendelea. Akawa mtu wa kutembeatembea. Mchana hawezi kulala, maana mchana una kelele za randa na Cheche na wateja, na hata kukiwa kimya mwili wake umeshasahau njia. Nilikuwa nikisikia ndala zake upande wa pili wa ukuta, pa, pa, pa, mlangoni, dirishani, mlangoni. Zilinikera mno. Mtu uliyemkosea hukukera hata kwa ndala.

Siku moja Cheche alirudi mbio kutoka ofisi za serikali, alikokuwa akitengeneza geti. Aliona tangazo ukutani akalipiga picha kwa simu. Mamlaka inayosimamia mambo ya umeme ilikuwa inaita wananchi watoe maoni kuhusu mpango wa kampuni wa miaka mitano: wapi watajenga, wapi wataongeza, wapi wataacha kama palivyo. Mitaa ilikuwa imeorodheshwa. Wetu ulikuwa ukurasa wa mwisho, chini ya maneno "Maeneo yasiyohitaji maboresho."

"Yasiyohitaji!" wifi akasema. Aliirudisha simu, akaichukua tena. "Yasiyohitaji nini?"

Mimi nilisema hao wameshaamua, wanatuita tukawapigie makofi tu. Mume wangu akaniunga mkono, na yeye huniunga mkono mara moja kwa mwaka. Lakini wifi alikwishaanza. Alichukua fomu, akanipa nimwandikie, maana mwandiko wangu unasomeka, akawaandikisha na Cheche na msagishaji na seremala. Kila msemaji angepewa dakika tatu. Wiki nzima aliifanyia mazoezi hotuba yake huku akipiga pasi, na hotuba yenyewe ilikuwa ni kusifia ubao: kwamba sisi ni watu wastaarabu, tunagawana, hatugombani, na watu wa namna hiyo wanastahili kufikiriwa. Niliisikia kupitia ukutani mpaka nikaijua kwa moyo. Wala sikuona kasoro yoyote ndani yake. Hakuna aliyeona.

Kikao kilikuwa kwenye ukumbi wa shule, saa tatu asubuhi. Umeme ulikuwa umekatika, kwa hiyo tulijadili umeme kwa jenereta, nalo lilikuwa nje dirishani linakohoa hata ikabidi wasemaji wapaze sauti. Watu walicheka kidogo, halafu wakachoka kucheka. Wifi alikuwa amefanya kazi tangu alfajiri na kuja moja kwa moja. Hakukaa. Alisimama nyuma ukutani, anahamisha uzito mguu huu, mguu ule, anakunja na kukunjua karatasi yake. Nilimvuta mkono mara tatu akae, nikaacha.

Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Karani wake alikuwa na kengele ya mezani kwa ajili ya dakika tatu. Mhandisi wa kampuni alisimama wa kwanza, kijana mtanashati, akaonyesha picha ukutani: mistari ya matumizi ya umeme ya kila mtaa kwa miaka sita. Mitaa mingine mistari yao ilipanda na kushuka kama meno ya msumeno. Alipofika kwetu, mstari ulikuwa umenyooka.

"Huu ndio mtaa mtulivu kuliko yote," akasema. "Transfoma yao haijawahi kuzidiwa hata siku moja tangu tulipoibadilisha. Matumizi hayavuki asilimia sitini na tano. Kuwawekea kubwa zaidi itakuwa kununua sufuria ya shughuli kwa mtu anayepika chai."

Nilimtazama wifi. Alikuwa anatabasamu. Mtaa wake umesifiwa mbele ya watu, mstari wake umenyooka kama mkunjo wa suruali. Kisha tabasamu likabaki mdomoni bila kazi, na macho yakaanza kwenda kwenye ule mstari na kurudi. Nilijua amefika pale nilipokuwa nimefika mimi sekunde hiyohiyo. Ule utulivu ni yeye. Miaka sita ya kuamka saa kumi alfajiri ilikuwa imechorwa ukutani kuwa ushahidi kwamba hatuna shida. Tumevumilia, na mbivu wamekula wengine.

Nilitaka kumshika tuondoke.

Msagishaji akaitwa, akababaika, akasema umeme ni muhimu. Seremala akasema hivyohivyo kwa maneno mengine. Cheche akapiga kelele, kengele ikamkata. Kisha wakaita shahidi wa saba, dobi.

Alikwenda mbele. Karatasi yake aliiacha kwangu.

"Mama, una dakika tatu," karani akasema.

Wifi alikuwa anamtazama mhandisi shingoni.

"Mwanangu," akasema, "samahani. Hilo shati ulilovaa, ndani ya kola kuna uzi mwekundu?"

Mhandisi akacheka akatazama wenzake. Mwenyekiti akavaa miwani. "Mama, hilo linahusiana na suala letu?"

"Linahusiana, mheshimiwa. Mwambie ageuze kola."

Kijana akageuza kola kwa kidole, na jirani yake akachungulia, akasema upo. Ukumbi ukaguna.

"Umelala nyumba ya wageni ya barabara kuu," wifi akasema. "Shati hilo nimelipiga pasi mimi leo, saa kumi na moja kasorobo alfajiri, kwa umeme wa transfoma hiyo unayosema imetulia. Imetulia kwa sababu mimi niko macho. Nikizima mimi, anawasha wa kusaga. Akizima yeye, anawasha wifi yangu. Tumepanga foleni ya umeme miaka sita, tena ubao nimeuandika mwenyewe. Mashine yako imepima foleni, haikupima shida."

Mficha uchi hazai, wahenga walisema, na wifi alikuwa amevua mbele ya ukumbi mzima. Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga, maana nilimwona mwanasheria wa kampuni anainuka. Huyo hakuwa kijana.

"Mheshimiwa mwenyekiti," akasema taratibu, "tunawapongeza. Lakini hapo tunaona nini? Watu watano wenye saa zao, kila mmoja ameridhika. Wengine hupenda kufanya kazi alfajiri, kuna baridi. Kama kuna aliyehitaji saa nyingine akaikosa, hilo ni jambo jingine. Hatujasikia hilo."

Mwenyekiti akamgeukia wifi. "Mama, nakuuliza hivi, na fikiri kabla ya kujibu. Uliwahi kuhitaji saa nyingine, ukaomba, ukakosa?"

Wifi hakugeuka nyuma. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisimama bila kutikisika.

"Hapana, mheshimiwa. Sikuwahi kuomba. Saa hiyo niliichagua mwenyewe."

Mwanasheria akainamisha kichwa, karani akaandika. Nami nikaelewa kwamba mwanamke huyu yuko tayari kukosa transfoma, akose na usingizi wake wote uliobaki, kuliko kuniaibisha mimi mbele ya watu. Hasira iliyonipanda siwezi kuieleza. Nilimkasirikia yeye. Nani alimtuma kunisitiri?

"Aliomba!" nikasikia sauti, na ilikuwa yangu.

Karani akagonga kengele. "Mama, wewe hujajiandikisha."

"Niandikishe sasa hivi. Shahidi wa nane, fundi cherehani. Huyu ni wifi yangu na anadanganya."

Wifi akageuka. "Kaa chini, wifi."

"Sikai. Leo zamu yako ya kukaa." Nikashika kiti cha mbele yangu, na mwenye kiti akasogea. "Mheshimiwa, aliniomba mimi. Mara mbili. Mara ya kwanza mkono umeungua kwa kusinzia kwenye pasi, muone kovu lile. Aliambiwa alale au afe. Aliomba saa zangu, nikamnyima."

Mwenyekiti alikuwa amevua miwani. "Kwa nini ulimnyima?"

"Kwa sababu sikutaka kuamka saa kumi alfajiri. Na kwa sababu ningempa saa zangu, nyingine sina. Siku yote imegawanywa, mheshimiwa. Kama kwenye transfoma ile kuna saa iliyobaki, mhandisi atuonyeshe iko wapi, nimpe wifi yangu leo."

Mhandisi alitazama mistari yake ukutani. Mwanasheria akamwangalia mhandisi. Mwenyekiti akaandika mwenyewe, hakumwachia karani, kisha akaamuru kipimo kipya cha siku saba, ubao ukiwa umefutwa, kila mtu awashe anapohitaji, na mtu wa Mamlaka awepo.

Tulipofika kona ya mashine ya kusaga wifi akasema, "Umenivua nguo mbele za watu."

"Ulianza wewe kuvua. Mimi nimekuzidi kidogo tu."

"Unajua watakuitaje mtaani?"

Nilijua. Jioni ile nilichukua chaki, nikafuta saa zangu na zake, nikazibadilisha. Aliutazama ubao, akasema nne yangu imekaa vibaya, akairekebisha.

Kipimo hakikumaliza siku saba. Siku ya pili, saa nne na robo, wote tukiwa tumewasha, transfoma ikanguruma na kulipuka mbele ya macho ya yule mtu wa Mamlaka, aliyekuwa ameketi kivulini anakunywa soda. Aliruka na soda yake. Tulikaa gizani siku kumi na mbili na mtaa mzima ukaniona mimi ndiye niliyeleta balaa, maana wa kulaumiwa lazima apatikane. Kisha wakaweka nyingine ya ukubwa uleule kwa muda, tukarudi kwenye ubao, tukangoja uamuzi.

Nikawa mtu wa saa kumi alfajiri. Wiki ya kwanza nilishona mikono miwili kwenye upande mmoja wa sare. Nilichukia kila kitu, nilichukia jogoo. Lakini lililoniuma zaidi ni kwamba yeye hakulala. Nikiwasha tu cherehani nasikia ndala, pa, pa, pa, na hatimaye amesimama mlangoni kwangu amejifunga khanga: "Wifi, uzi wako umelegea, nausikia kutoka kitandani."

"Kalale, wifi."

"Nimelala."

"Umelala wapi, na wewe uko hapa?"

Miezi miwili ilipita hivyo, sote wawili macho, transfoma moja na usingizi haumfikii hata mmoja. Nilianza kuogopa kwamba nimechelewa, kwamba kitu nilichomnyima hakirudishwi kwa kukirudisha.

Uamuzi ulifika siku ya Jumanne, saa nane mchana, umeletwa na tarishi katika bahasha ya kaki kwa jina la shahidi wa saba. Kurasa thelathini na nane. Wifi alinifuata kwangu nayo, hakutaka kuifungua mwenyewe. Mimi sina subira, nilikwenda ukurasa wa mwisho. Mpango wa kampuni kuhusu mtaa wetu umekataliwa. Transfoma yenye uwezo mara tatu ifungwe ndani ya siku tisini.

Nilipiga kelele. Yeye alipapasa nyuma akaketi kwenye kiti changu cha wateja, akaegemea mpaka mwisho, bila kukifuta.

"Sasa soma tangu mwanzo," akasema. "Nataka kusikia walivyotuandika."

Nikasoma. Lugha ya wakubwa, kifungu hiki na kifungu kile, kampuni ilidai, Mamlaka ilizingatia. Aya ya kumi na nne nikawakuta wasagishaji na maseremala. Aya ya kumi na tano nikakuta haya: "Shahidi wa saba, dobi, alieleza kuwa hakuwahi kuomba kubadilishiwa saa. Shahidi wa nane, fundi cherehani, wifi wa shahidi wa saba, alikanusha, na kukiri kuwa aliombwa mara mbili na akakataa. Mamlaka inamwamini shahidi wa nane."

Imeandikwa, ina muhuri, itakaa kwenye makabati ya serikali mimi na yeye tukiwa tumeshakufa. Niliinua macho nione atanitania vipi. Kichwa chake kilikuwa kimeanguka begani, mdomo wazi, mikono imelala mapajani viganja juu. Nje randa ya seremala ilikuwa inalia, mteja akaanza kubisha hodi, nikamtolea macho kupitia dirishani mpaka akaondoka na furushi lake.

Nilirudi kwenye aya ya kumi na tano nikaisoma tena kwa sauti, polepole, neno kwa neno, hadi pale pa kuombwa mara mbili na kukataa. Sijawahi kumwomba radhi kwa mdomo wangu. Ndiyo mara ya pekee, na aliyestahili kuisikia alikuwa anakoroma.